Utepe Niliouchemsha

Mimi nina ugonjwa wa usafi. Zamani nilikuwa nikilisema hili kwa kujisifu. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kule Maseno, na kazi yangu ilikuwa kunusa mashuka, kukagua kucha na kuuliza ni nani aliyeficha soksi mbichi chini ya godoro. Kazi ilipokwisha nikahamia Kondele, hapa Kisumu, nyumba ya vyumba viwili, na sakafu yangu mpaka leo unaweza kuilia ugali bila sahani. Majirani wamenizoea. Mmoja huniambia kwamba akiniona nakuja na ndoo, miguu yake hujiinua yenyewe.

Kwa hiyo nilipojiunga na kikundi cha akina mama wafumaji, kila mtu alijua mapema nitapewa kazi gani.

Karakana yetu ni banda refu la mabati lenye madirisha mapana, mwendo mfupi tu kutoka stendi ya bodaboda. Tuko wanawake kumi na mmoja, na mashine nne za mbao za kufumia kwa mkono. Uzi wetu ni wa pamba. Tunafuma vitu vya jikoni: vitambaa vya kukaushia vyombo, vya kufunikia chapati zisipoe, vya kushikia sufuria ya moto, na vile vya kutandika mezani chini ya sahani. Wateja wengine huvionea huruma, wanavitundika ukutani. Hao hutuudhi kidogo, maana kitambaa cha pamba kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyonyonya maji vizuri, na ukutani hakuna maji.

Mashine yenyewe haina umeme. Ina nyuzi mamia zilizonyooshwa kutoka nyuma kuja mbele. Ukikanyaga ubao wa chini, nusu ya nyuzi hupanda na nusu hushuka, katikati hufunguka njia. Hapo unarusha kijiti cha mbao kilichobeba uzi ndani yake, ambacho sisi tunakiita mtumbwi kwa sababu ya umbo lake, halafu unavuta chanuo kubwa linaubana ule uzi mahali pake. Unakanyaga tena, mtumbwi unarudi ulikotoka. Mashine zote nne zikianza asubuhi kwa pamoja, hata kama ulilala na hasira, hasira hiyo huwezi kuisikia tena.

Pale kazini hakuna anayeitwa jina lake. Desturi yetu Waluo, mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikozaliwa, kwa hiyo mimi ni nyar Maseno, yaani binti wa Maseno. Mashine ya karibu na mlango ilikuwa ya nyar Awasi. Huyu ndiye aliyetufundisha karibu sote. Ni mama mfupi, wa miaka sitini na kitu, ambaye hucheka kabla hajamaliza kusimulia kinachomchekesha, na mikono yake ni midogo hivi kwamba ungedhani haiwezi kuvuta lile chanuo. Inalivuta tangu asubuhi mpaka jioni. Jumatatu hutoka Awasi alfajiri, maana aliolewa huko huko alikozaliwa, na Ijumaa hurudi, siku za katikati hulala kwa binti yake hapa mjini.

Mimi sikuwa na mashine. Mashine nne zina wafumaji wanne, na mfumaji hainuki mpaka mwenyewe aamue kuinuka. Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuviringa uzi kwenye vijiti vya kuingia ndani ya mtumbwi, na kuchemsha vitambaa vikishakatwa na kushonwa pindo. Pamba mpya hupungua ikionja maji ya moto, kwa hiyo lazima tuichemshe sisi kabla mteja hajaichemsha na kuja kutulaumu. Sufuria kubwa ilikuwa nje, kwenye mafiga, na malkia wake nilikuwa mimi. Lakini nilikuwa naitamani mashine. Saa ya chakula nyar Awasi alikuwa akiniachia kiti chake nifume vidole vitatu, vinne, halafu anafumua makosa yangu huku akinung'unika kwa furaha. Siku nyingine hakufumua kitu. Siku hizo nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu badala ya kupanda bodaboda, ili furaha isiishe haraka.

Sasa nieleze kuhusu utepe. Kila mfumaji ana utepe wake wa kupimia. Futi ya fundi cherehani haitufai, maana kitambaa kikiwa kwenye mashine kimevutwa sana. Ukikitoa kinalegea, ukikichemsha kinapungua tena. Mfumaji huhesabu upungufu huo wote mara moja tu, hufuma utepe mwembamba wa pamba kwa urefu anaoutaka, na kuanzia siku hiyo hupima kwa huo. Huubana kwa pini ukingoni mwa kitambaa, anafuma, na utepe ukiisha, kitambaa nacho kimeisha. Utepe wa nyar Awasi ulikuwa wa miaka mingi. Ulikuwa umekula jasho, vumbi, mafuta ya mandazi na, kwa harufu yake, omena, wale dagaa wa ziwani. Rangi yake sikuweza kuitaja.

Ijumaa moja nyar Awasi aliondoka mapema kwenda kwao kwenye mazishi ya jirani. Jumatatu alikuwa aanze kazi kubwa: vitambaa arobaini na vinane vya kukaushia vyombo, kwa mama mmoja mwenye hoteli ya samaki kule ufukweni. Mama huyo alishanunua kwetu mara moja, na sasa alitaka vingine vya kipimo kile kile, maana wahudumu wake huvikunja kwa namna moja na kufunikia sinia. Mimi nilikuwa kwenye sufuria yangu. Nikaingia ndani kuchukua vijiti, nikauona utepe umening'inia kwenye msumari. Nikajiambia niuache. Nikatoka. Nikarudi nikauchukua, nikautumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na vitambaa vya siku hiyo, nikaongeza sabuni.

Msomaji ameshaelewa. Sisi hatukuelewa, na tulikuwa watu kumi na mmoja wanaokula kwa pamba. Nimelifikiria sana jambo hili. Kama ningechemsha kitambaa chochote, hata kamba ya aproni, ningejua kwamba kimepungua. Lakini utepe machoni petu haukuwa kitambaa, ulikuwa kipimo. Hakuna aliyewahi kunikataza kuufua, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtu mzima atafua kipimo.

Jumatatu nyar Awasi aliukuta umepigwa pasi, mweupe, mishono myekundu ya alama zake inaonekana upya.

"Yawa, nani ameniogeshea utepe?" akauliza. "Sasa hata hii inaweza kwenda kanisa."

Wote wakanigeukia. Akanishukuru kwa Kiluo, ero kamano nyathina, asante mwanangu, nami nikavimba kichwa siku nzima.

Dazani ya kwanza ikaisha. Ikakatwa, ikashonwa pindo, nikaichemsha. Mwenyekiti wetu akaleta futi ya fundi, maana kitambaa kikishachemka ndipo futi inafaa. Akapima kimoja, akakitazama, akapima cha pili. Akaendelea mpaka cha kumi na mbili. Vyote vilikuwa vifupi kwa vidole vitatu.

"Mama, hii ni fupi," akamwambia nyar Awasi taratibu.

"Haiwezi kuwa fupi. Nimepima."

Wakapima pamoja. Nyar Awasi akasema basi alivuta chanuo kwa nguvu mno, ataangalia. Alicheka aliposema hivyo, lakini niliona hakucheka mapema kama kawaida yake.

Dazani ya pili aliifuma ameinamia kitambaa mpaka pua yake karibu iguse nyuzi. Kila alipobana pini aliniita mimi niangalie, na kila mara nilisema iko sawa, na kweli ilikuwa sawa. Wakati wa chai aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Dada yake mkubwa alipoteza macho akiwa na umri kama wake, na mambo yalianza hivi hivi, kwa vitu vidogo: kumwaga chai kando ya kikombe, kukosa tundu la kifungo. Alisema haogopi giza lenyewe. Anachoogopa ni kukaa bila kazi ya mikono, asubuhi mpaka jioni, akisubiri kuletewa chakula. Nikamwambia apumzike kidogo, ni uchovu tu. Nilikuwa nampenda na nilimdanganya bila kujua kwamba namdanganya.

Dazani ya pili nayo ilitoka fupi kwa vidole vitatu.

Nyar Awasi hakubishana. Aliinuka, akapangusa kiti chake kwa ncha ya leso, akasema, "Hii macho yangu imeisha. Sitaki kuharibu uzi ya watu."

Mwenyekiti alimsihi akae tu na kuviringa uzi. Akakataa. Alisema akibaki pale atakuwa anatazama mashine yake siku nzima, na hayo ni mateso. Kabla ya kutoka aliubandua utepe kutoka kwenye kitambaa, akauweka mkononi mwangu.

"Baki na hii," akaniambia. "Hii haina makosa."

Kisha mwenyekiti akasema kiti ni changu. Nilihuzunika kwa uso, na huzuni hiyo haikuwa ya kuigiza. Lakini ndani, chini ya huzuni, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto wa bweni aliyepewa kitanda kizuri cha mwenzake aliyeugua. Hiyo furaha ndiyo naionea haya, kuliko hata kule kuchemsha.

Nilifuma siku tisa. Sijui niziseme vipi siku zile. Mguu ulikuwa unajua wenyewe ni ubao gani wa kukanyaga, mtumbwi ulikuwa unaruka na kutua kiganjani, na kwa dirisha la kushoto jua lilikuwa linaingia likinionyesha kila uzi. Nilikuwa polepole. Vitambaa kumi na kimoja kwa siku tisa, kazi ambayo nyar Awasi angeimaliza kwa siku tatu akiwa na mafua. Lakini nilipima kila kimoja kwa utepe wake mara mbili, pini palepale, na moyoni nilikuwa nasema: nitamletea mama wa hoteli vitambaa ambavyo hakuna atakayevilaumu, na nyar Awasi atasikia kwamba alinifundisha vizuri.

Siku ya kuvichemsha nilifika karakana kabla ya wengine. Nilitaka nimpe mwenyekiti kazi iliyokamilika. Nikawasha moto, nikachemsha, nikakausha kwa pasi kile cha kwanza, nikachukua futi.

Vidole vitatu.

Nikapima cha pili, nikapima vyote. Nilidhani nami macho yameanza. Nikaenda kabatini, nikatoa vile vifupi vya nyar Awasi, nikavipanga mezani vyangu juu ya vyake, ncha kwa ncha. Vilikaa sawa kabisa. Ungeweza kupitisha kisu kando yake kisikate uzi hata mmoja. Na hapo ndipo akili yangu, ambayo haina haraka, ilipoamka. Mtu asiyeona vizuri hukosea huku na huku, leo kirefu, kesho kifupi. Hakosei mahali pamoja mara ishirini na nne. Na mimi naona mpaka vumbi lililo juu ya mlango, na nimekosea palepale. Nikautazama utepe, ulivyokuwa mweupe. Nikatazama sufuria inavyochemka mbele yangu. Nikakaa juu ya jerikeni.

Nitasema ukweli wote, maana nusu yake haina maana. Nilikuwa peke yangu. Moto ulikuwa unawaka, na utepe ni kitu kidogo. Ningeutupa pale, nifume mwingine, mrefu kidogo. Vitambaa vyangu vya baadaye vingetoka sawa, watu wangesema mkono wangu umekomaa, na mashine ingebaki yangu. Nyar Awasi alikuwa na umri wa kupumzika, nikajiambia. Nilijiambia mengi. Nilikaa juu ya ile jerikeni mpaka maji yakapungua nusu. Kisha nikamkumbuka anavyoniita niangalie pini, na nilivyokuwa najibu iko sawa, mama, iko sawa, na nikajikasirikia hivi kwamba nilipiga jerikeni teke na kuumiza kidole.

Wenzangu walipofika niliwaambia nikiwa nimesimama. Mama mmoja akaanza kucheka kwa chini, mwingine akamfuata, na muda si muda banda zima lilikuwa linafuta machozi. Mwenyekiti hakucheka.

"Nyar Maseno," akasema, "wewe kazi yako ni kuchemsha pamba ipungue. Miaka mbili. Na ukachemsha kipimo."

"Ndiyo."

"Na sisi wote tukaangalia." Hapo naye akacheka. Kisha akaniambia nisivue viatu, niende Awasi sasa hivi.

Boma la nyar Awasi haliko mbali na soko. Nilimkuta amekaa barazani, shati la mumewe mapajani, anatia kiraka. Alikuwa amevaa miwani kubwa ya fremu nyekundu, aliyoinunua Kondele kwa mchuuzi wa mkononi, mtu anayeuza miwani, betri na dawa ya panya kwenye trei moja. Kando yake palikuwa na kipande cha sifongo kilichochomekwa sindano saba, zote zimeshatungwa uzi mweusi. Baadaye niliambiwa kwamba mkwe wake alikuwa akizitunga kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Shati lenyewe lilikuwa la bluu.

"Karibu, karibu," akasema, akinikazia macho. "Lakini mchango nilitoa Jumapili."

"Mama, si mtu wa kanisa. Ni mimi, nyar Maseno."

"Ala. Kumbe ni wewe. Kaa. Unaona vile nimekuwa? Mtu akiwa hapo mlangoni namuona kama moshi."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakanitoka.

"Mama, macho yako haina shida."

"Umetoka Kisumu kuja kunibembeleza?"

"Ile utepe yako. Mimi niliichemsha."

"Najua uliifua. Si nilikushukuru."

"Sikufua, mama. Nilichemsha. Kwa ile sufuria, pamoja na vitambaa."

Sindano ikasimama mkononi mwake. Nililiona neno likimwingia polepole, likifika mahali likakaa.

"Ikapungua," akasema. Hakuwa anauliza.

"Vidole tatu."

Nikamwambia yote: siku tisa zangu, vitambaa kumi na kimoja, vyangu juu ya vyake mezani. Nikamwambia hata kuhusu moto na ile jerikeni. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Yeye alivua miwani, akaikunja, akaiweka sakafuni taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Akachukua sindano moja kwenye sifongo, akauchomoa uzi mweusi aliotungiwa, akautupa. Akakata uzi wa bluu kwa meno, akaulowesha ncha, akainua sindano mbele ya uso wake.

Uzi ulipita mara ya kwanza.

Akauchomoa, akatunga tena, ukapita. Akachukua sindano ya pili, na ya tatu, mpaka zote saba zikawa na uzi wa bluu. Hakuniangalia hata mara moja. Alipomaliza, akazirudisha zote kwenye sifongo, moja moja, kwa ile mikono yake midogo.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili nimekaa hapa najifunza kuwa kipofu. Nimehesabu hatua mpaka choo. Nafunga macho, nashika ukuta, natembea, ndiyo nizoee."

Nililia pale barazani bila aibu, mimi ambaye wasichana mia mbili waliniogopa. Nilimwomba msamaha mara nyingi, kwa Kiswahili, kwa Kiluo, mpaka akanishika mkono ninyamaze. Naye alikuwa analia, lakini katikati ya kulia nikasikia kicheko chake kinaanza, kabla hajasema kinachomchekesha.

"Hivyo vyako kumi na moja," akasema. "Vyote ni fupi?"

"Vyote."

"Fupi sawasawa? Hakuna moja imezidi?"

"Hakuna, mama. Ziko sawa na zako."

Akafuta uso kwa leso, akanitazama, na sasa alikuwa ananiona vizuri.

"Basi umejua kufuma," akasema. "Kufupisha kumi na moja hivyo, sawasawa, mtu asiyejua hawezi. Lakini mashine ni yangu. Jumatatu nakuja."

Nikamwambia ni yako, mama. Na tangu nianze kuitamani ile mashine, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kufurahi kwamba si yangu.